Bildi ikifa kwa kukosa RAM: upunguze kazi, uongeze swapu, ukodi seva kubwa au utumie mashine ya ofisini?

Ilikuwa Agosti, msimu wa zabibu. Tulikuwa na seva moja ya kukodi yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2. Juu yake ilikaa hifadhidata ya mizani ya chama kimoja cha wakulima upande wa Mpunguzi, hapa Dodoma, na humo humo ndimo tulimokuwa tukibildi programu ya simu, yaani kugeuza msimbo kuwa programu kamili, kila kijana wetu alipotuma msimbo mpya. Saa nne asubuhi, nikiwa Area C, simu ya katibu wa chama ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mizani ipo, zabibu zipo juani, namba haziingii."

Nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiendesha ukiwa mbali. Bildi ilikuwa imemalizika salama, ina alama ya kijani. Iliyokufa ni hifadhidata. Kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, ilikuta RAM imejaa, ikaangalia nani amekalia nafasi kubwa zaidi. Michakato miwili ya Java ya bildi ilikuwa na MB mia tano na kitu kila mmoja, hifadhidata ilikuwa na zaidi ya 700. Ikauawa hiyo. Ilijaribu kujiwasha mara kadhaa, ikakosa pa kukaa, ikaacha. Wakulima wakarudia kuandika kilo kwenye daftari mpaka adhuhuri.

Tangu siku ile nimepita njia zote nne zilizo kwenye kichwa cha habari hapo juu, na nyingine moja ya kukodi huduma ya bildi mtandaoni. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya timu ndogo kama yetu: watu watatu au wanne, seva moja, bajeti inayobana, programu ambayo mtu anaitegemea kweli.

Kabla ya kuchagua dawa, jua nani aliyeua

Vijana wengi wanaoniletea logi (kumbukumbu za matukio) zao huwa tayari wameshaamua kununua RAM. Ukiwauliza nani aliyeua bildi, hawajui. Wauaji ni watatu, na dawa ya mmoja haimgusi mwenzake.

Wa kwanza ni kerneli ya seva. Linux huahidi kumbukumbu kuliko iliyopo, kwa sababu programu nyingi huomba nyingi na kutumia kidogo. Ni kama kugawa viwanja thelathini kwenye eneo la viwanja ishirini ukitumaini kumi hawatajenga. Siku wote wakishusha matofali, lazima mtu aondolewe. Kerneli humpa kila mchakato (programu inayoendeshwa) alama, na alama hiyo hutegemea zaidi RAM uliyokalia. Mwenye alama kubwa huuawa kwa ishara namba 9, na ishara hiyo haimpi mchakato nafasi hata ya kuaga. Ndiyo maana logi yako huishia na neno `Killed` tu, bila maelezo, na namba ya kutokea (ile programu inayoiacha inapomalizika) ni 137, yaani 128 kujumlisha 9. Kwa wanaobildi C++ ujumbe huwa `Killed signal terminated program cc1plus`. Ushahidi wake uko hapa:

`dmesg -T | grep -i "killed process"`

Utaona jina la mchakato, saa uliyouawa na kiasi cha RAM ulichokuwa nacho. Kama jina ni la hifadhidata na si la kompaila (programu inayotafsiri msimbo), simamisha bildi zote kwanza ndipo uendelee kusoma.

Muuaji wa pili ni uzio. Seva inaweza kuwa na GB 16 zimelala, na bildi ikafa kwa sababu kontena, kisanduku cha Docker inamoendeshwa, lilipewa GB 2. Namba ya kutokea ni ile ile 137, hivyo wengi hudhani seva imeishiwa. Ukitazama `docker inspect` ya kontena lililokufa, tafuta `OOMKilled`. Ikiwa `true`, muuaji ni mpaka uliowekwa na mtu, na dawa yake ni kuusogeza.

Wa tatu ni programu yenyewe. Java husema `java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space`. Node, inayoendesha JavaScript, husema `JavaScript heap out of memory` na hutoka na 134. Hapo RAM huenda bado ipo, ila programu imefika kwenye dari iliyojiwekea. Gradle, zana ya kubildi programu za Android, isipoambiwa kitu hujipa dari ya MB 512, hata ukiiweka kwenye seva ya GB 64. Nimeona mtu akihamia seva ya bei mara tatu, akapata kosa lile lile, mstari ule ule. Alichohitaji ni kubadili `-Xmx`, ile dari ya Java, au kwa Node `NODE_OPTIONS=--max-old-space-size=4096`, kazi ya dakika moja.

Kuna pia kifo kinachosingiziwa RAM bure: mtandao ukikatika katikati ya SSH, bildi uliyoianzisha kwa mkono hufa pamoja na terminali. Namba yake mara nyingi ni 129. Ianzishe ndani ya `tmux`, ukirudi utaikuta inaendelea.

Kupunguza kazi na kuongeza swapu

Hizi mbili hazina gharama ya fedha, kwa hiyo watu huzichukua kama kitu kimoja. Mimi huanza na kupunguza kazi, na nina sababu.

Kompaila nyingi hutumia viini vyote vya prosesa kwa wakati mmoja. Ukiandika `make -j$(nproc)` kwenye seva ya viini 4, faili nne hukompailiwa kwa pamoja, na faili moja nzito ya C++ inaweza kula GB nzima peke yake. Ninja, zana ya kubildi kama `make`, ni kali zaidi: bila maelekezo hupita hata idadi ya viini, ikiongeza kazi mbili juu. Ukiweka `-j1` au `-j2`, RAM inayohitajika kwa mpigo hushuka mara moja, na unacholipa ni muda. Hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande kuwa programu moja ndiyo yenye njaa kuliko zote, hasa ukiwa na taarifa za kutafutia makosa, ile `-g`. CMake ikitumika na Ninja hukuruhusu kuweka foleni ya pekee kwa hatua hiyo kwa `CMAKE_JOB_POOL_LINK`, ili kukompaili kuendelee kwa kasi na kuunganisha kufanyike kimoja kimoja.

Kwa upande wa Android nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu hapa Dodoma tunapoumia. Mradi mpya wa Android Studio huja na mstari unaoipa Gradle GB 2 za hipu, nafasi ya data zake kwenye RAM. Kwenye kompyuta ya mezani hakuna neno. Kwenye seva ya GB 2 umeshaahidi RAM yote kabla mfumo wenyewe haujahesabiwa. Halafu kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoona Java mbili kwenye `htop`: Kotlin, lugha ya programu zetu za Android, huanzisha mchakato wake wa pili, na usipouelekeza hurithi dari ile ile ya Gradle. Kwa hiyo `-Xmx2048m` moja inaweza kuwa GB 4 za ahadi. Na bildi ikiisha, Gradle haiondoki. Hubaki kwenye RAM kwa saa 3 ikisubiri kazi nyingine. Bildi inayofuata ikija na mipangilio tofauti, haiitumii ile ya kwanza bali huanzisha nyingine kando yake.

Hiki ndicho tulichoweka kwenye `gradle.properties` ya seva:

```
org.gradle.jvmargs=-Xmx1280m -XX:MaxMetaspaceSize=512m
org.gradle.workers.max=1
org.gradle.parallel=false
kotlin.compiler.execution.strategy=in-process
```

Mstari wa mwisho huirudisha Kotlin ndani ya mchakato wa Gradle, ikabaki Java moja kubwa. Bildi tunaianzisha kwa `--no-daemon` ili ikiisha iondoke. Kwa mradi wetu muda ulipanda kutoka dakika 9 hadi 16. Nilizikubali dakika hizo saba bila kusita.

Swapu ni jambo jingine kabisa. Unaiambia kerneli kwamba RAM ikijaa, vitu visivyoguswa vihamishiwe kwenye diski:

```
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Kisha mstari mmoja kwenye `/etc/fstab` ili isipotee seva ikiwashwa upya. Dakika mbili, umemaliza. Tatizo ni kwamba diski, hata SSD, ni ya polepole mara nyingi mno kuliko RAM. Swapu inafaa sana pale bildi inapovuka mpaka kwa sekunde chache, kama kwenye kuunganisha. Ikiwa bildi inaishi juu ya mpaka muda wote, haitakufa, lakini seva nzima itakwama: SSH itachukua dakika kukujibu, na watumiaji wa programu watadhani umezima huduma. Namna ya kutofautisha ni `vmstat 1`. Tazama safu za `si` na `so`. Zikipanda kidogo na kurudi sifuri, swapu inakusaidia. Zikibaki juu kwa dakika nzima mfululizo, swapu inakuficha ukweli kwamba kazi haitoshi kwenye mashine hiyo.

Jihadhari pia na baadhi ya seva za bei ya chini kabisa, ambazo kwa kweli ni makontena ndani ya mashine ya mtu mwingine. Humo `swapon` hujibu `Operation not permitted`, na hakuna la kufanya. Kabla ya kulipia, muulize mwuzaji, au ukiwa umeshaingia andika `systemd-detect-virt`. Ukiona `openvz` au `lxc`, usihesabu swapu.

Zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuipeleka diskini, iko katikati ya hizi mbili. Hula prosesa kidogo. Kwenye seva yenye diski ya polepole ni afadhali kuliko swapu ya kawaida.

Ukinilazimisha nichague moja tu kati ya kupunguza kazi na swapu, nitapunguza kazi. Ukiniruhusu zote mbili, ningeweka swapu ndogo chini yake, kwa ajili ya sekunde zile za kuunganisha. Ila hakuna hata moja inayolinda hifadhidata. Kwa hilo unahitaji uzio unaouweka mwenyewe kwa makusudi:

`sudo systemd-run --scope --uid=$USER -p MemoryMax=1400M ./gradlew --no-daemon assembleRelease`

Sasa bildi ikivuka GB 1.4 itauawa yenyewe, na hifadhidata itakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusalimika. Ukiwa na swapu, ongeza `-p MemorySwapMax=` kwa kiasi unachoruhusu, la sivyo bildi itakimbilia huko. Laiti ningeujua mstari huu kabla ya ile Agosti.

Seva kubwa ya kukodi, au mashine ya ofisini

Ikiwa umeshapunguza kazi na bado haitoshi, kinachokosekana ni RAM ya kweli. Swali ni wapi uipate.

Seva kubwa ya kukodi ina heshima yake. Umeme wake hauko mikononi mwako, mtandao wake ni mpana, na kuipandisha kutoka GB 2 kwenda 8 ni kubofya na kuiwasha upya. Lakini unalipa saa 24 kwa RAM unayoihitaji dakika ishirini kwa siku. Watoa huduma wengi wa nje hutoza kwa dola, na ankara yako hupanda na kushuka kwa shilingi hata usipobadili kitu. Baadhi hukuruhusu kuwasha seva kubwa kwa saa moja na kuifuta. Hiyo ni njia nzuri kwa anayebildi mara moja kwa wiki, ilimradi aandike skripti ya kuifuta, asitegemee kukumbuka. Kuizima tu mara nyingi hakutoshi, wengi huendelea kutoza mpaka uifute.

Mashine ya ofisini ndiyo tuliyoishia nayo. Ni kompyuta ya mezani iliyotumika, tukaiongezea RAM mpaka GB 16, ikakaa kona ya chumba chetu. Wengi hunipinga hapa kwa hoja ya anwani: ofisi ya kawaida haina IP ya kudumu, seva ya msimbo itaifikiaje? Haihitaji kuifikia. Ajenti wa GitHub au wa GitLab, huduma za mtandaoni za kuhifadhi msimbo, unaousimika kwenye mashine yako ndio unaotoka nje kuuliza kama kuna kazi, kwa HTTPS ile ile ya kivinjari. Jenkins, programu ya kusimamia bildi, nayo ina ajenti wa kujiunga kutoka ndani namna hiyo hiyo. Hufungui mlango wowote kwenye ruta.

Faida nyingine haionekani kwenye karatasi. Bildi ya kwanza ya Android hupakua maktaba nyingi, na kila mashine mpya huzipakua tena. Mashine yetu inazo tayari ndani ya `~/.gradle/caches`, kwa hiyo bando la ofisi linapumua.

Ubaya wake ni wa hapa hapa kwetu. Umeme ukikatika katikati ya bildi, umeipoteza, na UPS ndogo hununua dakika za kuzima kwa adabu, si za kumaliza kazi. Vumbi la kiangazi cha Dodoma ni adui wa kweli. Kati ya Juni na Oktoba tunafungua mfuniko kila mwezi na kupuliza feni, la sivyo prosesa hupata joto, hujipunguza kasi, na mtu huanza kulaumu RAM. LUKU ni yako pia, iandike kwenye bajeti. Na iweke mashine hiyo mbali na miradi ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kupendekeza msimbo: kuibildi kazi ya mgeni ni kuendesha msimbo wake ndani ya ofisi yako.

Kwa timu inayobildi mara kumi kwa siku na kukaa ofisi moja, mashine ya ofisini inashinda kwa mbali. Kwa timu iliyotawanyika, mmoja Iringa, mmoja Singida, ambapo hakuna wa kwenda kubonyeza swichi Jumapili, kodi.

Huduma za bildi za mtandaoni

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi. Kwa mradi wa wazi, GitHub hukupa bure mashine ya viini 4 na RAM ya GB 16. Hakuna seva ya kukodi kwa bei ya kawaida itakayolingana na bure. Kwa mradi wa siri, mpango wa bure una dakika 2,000 kwa mwezi, na mashine ni ndogo zaidi. Piga hesabu: bildi ya dakika 15, mara tano kwa siku, siku 22 za kazi, ni dakika 1,650. Mnatosha leo. Akiongezeka kijana mmoja, hamtoshi.

Angalizo moja tu. Wengine huweka nakala ya hifadhidata halisi ndani ya majaribio ya bildi, ili "yafanane na hali halisi". Majina ya wakulima, namba zao za simu na kilo zao zikienda kwenye mashine ya nje ya nchi, umeshagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya mipaka. Tunga data ya majaribio. Haichukui hata nusu siku, na wale watu walitupa namba zao ili wapimiwe zabibu.

Ningekuambia nini ukija na logi yako

Ukiwa na seva ya GB 2 yenye hifadhidata ya watu juu yake, ningekuambia uitoe bildi humo wiki hii, kabla ya kitu kingine chochote. Mpaka utakapopata pa kuipeleka, weka uzio wa `MemoryMax` na kazi moja moja. Hapa sina majadiliano.

Ukiwa na seva ya pekee ya bildi ya GB 4 na mradi wa Android wa kawaida, usinunue kitu. Punguza kazi, ongeza swapu ya GB 2, fungua dirisha la pili uandike `free -h -s 2`, na uandike namba ndogo kabisa utakayoiona kwenye safu ya `available` wakati bildi ikienda. Ikibaki juu ya MB 300 kwa siku kadhaa, umemaliza. Usitumie `/usr/bin/time -v` kwa Gradle: itakupimia mchakato mdogo unaotuma maombi, siyo ule mkubwa unaofanya kazi nyuma yake, na utapata namba ya kufurahisha isiyo ya kweli. Kwa `make` ya C++ inafaa, ila kumbuka hutaja mchakato mmoja ulio mkubwa kuliko wote, hivyo zidisha kwa idadi ya kazi za sambamba.

Ukibildi mradi mkubwa wa C++ ambao hata kwa `-j1` haumalizi kuunganisha, usipoteze wiki na swapu. Hapo ni RAM ya kweli, ya ofisini au ya kukodi kwa saa.

Na ukiwa mwanafunzi pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwenye hosting ya pamoja ya bei ya mwaka, ile ya paneli na kiasi kidogo cha RAM kwa kila akaunti, usijaribu kubildi humo kabisa. Utaona `Cannot allocate memory` kwenye `npm install` na utadhani umekosea. Bildi kwenye laptopu yako, pandisha folda iliyokamilika, na hosting ibaki na kazi yake ya kuwapa watu kurasa.